Mtambo wa majitaka wa matete, mwaka wa pili sasa

Jamani niseme ukweli, mwanzoni nilidhani tunapigwa. Fundi anachimba shimo, anatandika plastiki nzito, anajaza kokoto halafu anapanda matete, nikajiuliza hii bustani au mtambo? Sahivi nimenyoosha mikono. Maji ya vyooni na jikoni yanaanzia kwenye tangi la septiki, kinyesi kinazama, mafuta yanaelea, yale ya katikati ndo yanaenda kupita polepole ndani ya kokoto siku kadhaa, huko bakteria walioganda kwenye mawe na mizizi wanakula uchafu. Umeme hamna, pampu hamna, ni mteremko tu. Na kwa vile maji hayaonekani juu mbu hawana pa kuzalia, harufu hamna labda ufungue mfuniko wa tangi (usifungue, nimekwambia).

Sasa kasoro. Waliojenga hawakuweka kichujio pale maji yanapotokea kwenye tangi, wala hawakutuambia tope linatakiwa kunyonywa kila baada ya miaka michache, basi mafuta yakapita yakaziba kokoto za mwanzo, maji yakatuama juu meusi tii, tukashinda siku 2 tunafukua na koleo tunaosha jiwe moja moja. Simu hawapokei!

Maji yanayotoka ni meupe kabisa ila sio ya kunywa, vijidudu vya magonjwa bado vimo, sie tunamwagilia miti tu. Nyota 4, ya tano wataipata siku wakipokea simu.