Kompyuta ya kufunga kwenye gari la zamani: ninunue ipi?

Asubuhi za mwezi wa saba hapa Arusha, baridi ikikaza, washa Corolla 110 yenye betri iliyochoka uone taa za dashibodi zinavyofifia stata ikizunguka. Volti 12 zinaweza kushuka hadi 9 au chini yake kwa muda mfupi, kisha injini ikishika, altaneta inapandisha hadi 14 na ushee. Kompyuta nyingi hujizima na kujiwasha hapo hapo. Watu hununua skrini kwanza na umeme wakaufikiria mwisho. Mimi orodha yangu naipanga kwa umeme.

Nafasi ya kwanza naipa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Inataka volti 5 na ampea 3 tu, kwa hiyo konvata (kifaa cha kubadili volti) nzuri inayopokea kuanzia volti 8 itaendelea kuilisha hata stata ikiilemea betri. Pi 5 ya mwaka 2023 ina kasi zaidi, lakini chaja inayopendekezwa ni ya ampea 5 kwa volti hizo hizo 5, na chaja za kawaida za gari hazifiki huko. Kwa ramani na muziki, Pi 4 ya GB 2 inatosha. Programu ya Navit inasoma ramani za OpenStreetMap bila intaneti. Pi yenyewe haina GPS, nunua kipokezi cha USB.

Tatizo lake ni kuzimwa ghafla. Yangu ya kwanza nilikuwa nazima ufunguo tu na kushuka, hadi siku moja pale Usa River kadi ya kumbukumbu ikagoma kusomeka kabisa. Kwa hiyo, pamoja na Pi, nunua saketi ya kuchelewesha kuzima: ikiona waya wa ACC (ule unaopata umeme ufunguo ukiwashwa) umekatika umeme, inaiambia kompyuta ijifunge, ndipo inakata umeme. Waya wa moja kwa moja uutoe kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na kompyuta. Fundi akikuambia njano ni ya betri na nyekundu ni ya ACC, hizo ni rangi za redio za kununua dukani. Za gari lenyewe zipime kwa mita.

Usiyetaka kuumiza kichwa, chukua redio ya Android, nafasi ya pili. Faida yake kubwa kwa gari la Japani: redio iliyokuja nalo mara nyingi inaishia FM 90, wakati stesheni zetu zinafika 108. Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200, redio nyingi ni 178, kwa hiyo dai fremu yake. Usiamini GB zilizoandikwa kwenye mipangilio, wauzaji wengine wanazichakachua. Mwambie aiwashe, afungue ramani muziki ukiwa unapiga, halafu arudi nyuma kwenye skrini. Ikikwama, mrudishie.

Kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 ni ya tatu, na ni kwa mwenye kazi nayo, mfano gari la watalii linalohamisha picha za wageni. Nyingi zinataka volti 12 kamili, hivyo utahitaji konvata inayopandisha na kushusha, na diski iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kwa sababu ya makorongo. Mwenye Land Cruiser ya zamani apime kwanza: betri mbili zinaweza kuwa volti 24, au 12 zilizounganishwa sambamba.

Laptop na inveta? Unapandisha 12 hadi 230, chaja inashusha tena hadi 19, njia nzima umeme unapotea kama joto. Ya mwisho.

Yoyote utakayochukua, isipokuwa redio inayokaa kwenye tundu lake, ifunge chini ya kiti cha abiria, siyo juu ya dashibodi. Pi ikikaribia nyuzi 80 hujipunguza kasi yenyewe. Na kabla fundi hajakaza skrubu ya mwisho, washa gari mara tano mfululizo huku kompyuta inafanya kazi.