DSLR ya bei ya chini, usiku wa kupamba na chumvi ya Lamu: uzoefu wangu wa miaka miwili

Harusi nyingi ninazoitwa hapa Lamu, simu hazitakiwi ukumbini siku ya kupamba. Wanawake wamevua mabuibui, biharusi yuko juu ya jukwaa na hina yake hadi viwikoni, na hakuna mama anayetaka picha ya bintiye ianze kuzunguka kwenye WhatsApp za watu kabla vigelegele havijatulia. Mimi huruhusiwa kuingia na kamera. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninunue DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, na baada ya miaka miwili na miezi kadhaa bado naihesabu kuwa sifa yake ya kwanza, ingawa hutaikuta kwenye maelezo ya duka lolote. Picha huingia kwenye kadi, kadi hukaa ndani ya kamera, na sherehe ikiisha mama wa biharusi hunishuhudia nikiitoa. Mama mmoja wa Langoni aliigeuzageuza mkononi akaniuliza, "Mwanangu, hiki hakina laini?" Nikamjibu, "Hakina, mama." Wi-Fi inayo, na hiyo nikaizima mbele yake. Akanipisha nikapita.

Niliinunua mtumba Mombasa kwa shilingi 38,000, pamoja na lenzi ya 18–55 (ni milimita: 18 huona pana, 55 huvuta karibu), betri moja na chaja. Ni ya daraja la chini kabisa: megapikseli 24, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, kubwa kuliko ya simu, pointi 9 za fokasi, yaani za kulenga, picha 3 kwa sekunde. Kampuni siitaji, kwa kuwa ninayoyasema yanazihusu karibu kamera zote za daraja hili.

Nianze na lililonitesa. Kupamba huanza usiku, saa tatu au saa nne, na taa za kumbi ni za rangirangi, zinazobadilika kila dakika. Uwazi wa lenzi hupimwa kwa f, na namba ikiwa ndogo mwanga ni mwingi. Lenzi inayokuja na kamera hufunguka f/3.5 ukiwa kwenye 18, lakini ukivuta hadi 55 ili upate uso wa biharusi, inabaki f/5.6. Uwazi huo ni mdogo mno kwa ukumbi wa usiku. Harusi yangu ya kwanza nilipandisha ISO, usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 6400, na bado kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga mbele ya sensa, ikawa ndogo: wachezaji wa chakacha wakatoka kama moshi, na vivuli vikajaa chengachenga za rangi. Nikawasha flashi ya juu ya kamera. Hiyo hupiga moja kwa moja usoni. Poda ikang'aa, dhahabu ya shingoni ikawa doa jeupe, na ukuta wa nyuma ukamezwa na giza. Nilirudi nyumbani na picha 400. Nilizoona haya kuzitoa zilikuwa zaidi ya nusu. Kwa siku kadhaa niliamini nimepoteza fedha zangu.

Kumbe kosa halikuwa la kamera. Nilidunduliza miezi minne nikanunua lenzi ya 50 yenye f/1.8, nayo pia mtumba. Haivuti wala hairudi, ni nyepesi, ni ya plastiki, na ndiyo iliyoniokoa. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo pale nilipokuwa nikihitaji ISO 6400, sasa 800 au 1600 inanitosha, na rangi ya hina inabaki rangi ya hina. Hapa ndipo sensa kubwa inapoishinda simu waziwazi. Simu gizani hujisahihishia picha yenyewe, hulainisha ngozi, na katika kulainisha huko mistari myembamba ya piko, ile rangi nyeusi, kwenye vidole hupotea. Mpiga hina amekesha akichora yale maua. Nataka yaonekane jani kwa jani, na kwa kamera hii yanaonekana. Picha yake ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kila inchi, unapata inchi 20 kwa 13 bila kupoteza kitu. Nina familia tatu zilizotundika ukutani picha za ukubwa huo.

Lakini lenzi hiyo ya 50 ina tabu yake, na tabu hiyo ni ya kwetu hasa. Nyumba za zamani za Mkomani vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mara nyingi ni mita tatu hivi au hazifiki. Kwa sensa ya APS-C, lenzi ya 50 huona finyu kama 80 kwenye zile kamera ghali za sensa kubwa zaidi (full-frame), kwa hiyo ili nimpate biharusi aliyeketi, kuanzia taji hadi miguuni, nahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita tatu. Mgongo wangu unafika kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kabla ya hapo. Nimejifunza kupiga kwa urefu wa chumba, biharusi akiwa upande mmoja na mimi mlango wa pili, au kurudisha ile 18–55 na kufungua madirisha mchana. Picha za hina na za somo akimpamba mwari sasa naomba tuzifanye mapema, saa kumi alasiri, karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, mwanga wa juani ukiingia kwa upole. Wengi hukubali ukiwaeleza sababu.

Fokasi nayo inataka uvumilivu. Kati ya zile pointi 9, ya katikati ndiyo yenye nguvu. Za pembeni, gizani, huhangaisha lenzi mbele na nyuma hadi tabasamu limepita. Mimi hutumia ya katikati peke yake: naishika jichoni mwa biharusi, kisha napanga picha. Ukiwa kwenye f/1.8 sehemu inayotoka kali ni nyembamba, basi usisogee sana baada ya hapo, utapata sikio kali na jicho lenye ukungu. Mimi hufunga hadi f/2.2 kwa ajili hiyo.

Mchana, ufukoni, mambo hubadilika na mtu huipenda upya. Nenda Shela saa sita, mchanga mweupe, jua kichwani: kioo cha simu hukioni, unapiga kwa kubahatisha. DSLR ina tundu la kuchungulia, na mwanga unaouona humo ni ule ule uliopita kwenye lenzi, ukarushwa na kioo cha ndani hadi jichoni mwako. Hakuna umeme katika kuona huko. Ndiyo maana betri hudumu. Picha 600 kwa betri moja nimeshazipata zaidi ya mara moja, na kwa mji ambao umeme unaweza kukatika jioni ya harusi, hilo si jambo dogo. Tundu lenyewe kwa daraja hili ni dogo na huonyesha kama asilimia 95 ya picha, basi pembeni hujitokeza mguu wa mtu au ncha ya tanga ambayo hukuipanga.

Bahari ndiyo adui. Kamera hizi hazijazibwa kuzuia maji wala vumbi. Wakati wa kusi nilibadilisha lenzi pale pale ufukoni, upepo ukivuma, kwa sababu jahazi lilikuwa linapita na nilitaka kulivuta karibu. Jioni nikaona madoa saba kwenye anga ya kila picha, kila mara mahali pale pale. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya sensa, na yangu haina mtikisiko wa kujisafisha. Nililipa kusafishiwa Mombasa, safari na gharama juu yake. Tangu siku hiyo lenzi naibadilisha ndani ya nyumba, kamera imeangalia chini. Nikivuka kwenda Manda, inafungwa kwenye mfuko wa plastiki kabla sijatia mguu kwenye mashua. Nyumbani inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kabatini kwetu lenzi huota kuvu, na kuvu ikishaingia kati ya vioo ni vigumu sana kuitoa. Kila nikitoka ufukoni naifuta chumvi mwili mzima kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Video sitaisema sana. Ubora wake ni 1080, yangu haina tundu la maikrofoni, na fokasi wakati wa kurekodi ni ya pole mno. Ukitaka kurekodi vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, mtafute mwenye kifaa kingine.

Kuna anayeniuliza kama inafaa kununua DSLR sasa, wakati Canon na Nikon zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa mwenye fedha, kamera hizo mpya zina fokasi inayolifuata jicho la mtu, na gizani ningeifurahia sana. Kwa mwenye bajeti kama yangu, kuhama huko kumeshusha bei ya mitumba, mwili wa kamera na lenzi pia. Ukienda kununua, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, mulika tochi ndani ya lenzi uone kuvu, na uulize shata imeshapiga mara ngapi. Na ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu zaidi ya mwili, acha ile 18–55 uchukue 50 ya f/1.8.

Mimi siiuzi. Nina harusi mbili mwezi ujao, moja Mkomani na moja Shela, na malipo yake yameshapangiwa flashi ya nje, ile inayogeuka kichwa, niweze kuielekeza darini.