Boksi jipya la hewa kwenye WRX yangu: nguvu nimepata, lakini boksi langu la zamani liko wapi?

"Plastiki tu hiyo, kaka. Utalilia plastiki?"

Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa nikingoja yapoe. Hayajapoa. Atakayeona hasira yangu imezidi kipimo anivumilie hadi mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia juujuu ni dogo. Nilipeleka Subaru Impreza yangu, ile WRX ya turbo, gereji moja upande wa Nyakato kufungiwa boksi jipya la ea klina, yaani la chujio la hewa ya injini. Nikatoka na boksi jipya na gari lenye pumzi. Kitu changu kimoja kikabaki kule, na sikumpa mtu ruhusa ya kukigusa.

Nianze na boksi, kwa sababu boksi halina kosa. Au niseme halina kosa kubwa.

Watu wengi wakiona ule uwazi juu ya boneti ya WRX hudhani ndipo injini inapovutia hewa. Hapana. Ule kazi yake ni kupoza hewa ambayo turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imeshaishindilia. Injini yenyewe inapumua kupitia boksi lililojibanza pembeni, na boksi la kiwandani lina mdomo mwembamba uliotengenezwa kwa utulivu wa sauti kuliko kwa nguvu. Huku kwetu wembamba ule unauma zaidi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na turbo inabidi izunguke zaidi ili ishindilie kiasi kilekile. Nilitaka kuipunguzia mzigo.

Sikutaka koni iliyo wazi, yaani chujio lisilo na boksi. Vijana wanaipenda kwa mlio wake, lakini koni iliyo wazi inakunywa hewa ya moto ya ndani ya boneti, na ukiwa kwenye foleni ya Buzuruga saa nane mchana hewa hiyo ni ya jikoni kabisa. Wala sikutaka chujio la kupaka mafuta, kwa sababu mafuta yakizidi yanafika kwenye waya wa sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia, na sensa ikidanganya, kompyuta ya gari inadanganyika nayo. Nikaagiza boksi lililofungwa pande zote, chujio kavu, bomba la sensa la kipenyo kilekile cha kiwandani. Hilo la kipenyo ndilo nililolisoma usiku na mchana. Ukipanua bomba pale penye sensa bila kurekebisha kompyuta, hewa inayoingia inakuwa nyingi kuliko inayohesabiwa, petroli inakuwa pungufu, na injini inaanza kugonga. Injini ya turbo ikigonga muda mrefu unazika pistoni. Nilijua yote hayo kabla sijatoa shilingi. Ndiyo maana inaniuma: nilifanya kila kitu sawasawa mpaka kwenye lango la gereji.

Fundi alilipokea gari asubuhi, akanitazama kama mtu anayemchelewesha, akasema nirudi saa kumi. Nikamwomba jambo moja tu. Nikasema, "Fundi, boksi la zamani niwekee kwenye buti." Akaitikia bila kuinua kichwa. Niliporudi lilikuwa giza karibu, mvua inanyemelea, nikalipa, nikaondoka. Sikufungua buti. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Kesho yake alfajiri nilisahau hata jina la fundi. Nilitoka Mkuyuni nikapita Nyegezi, Buhongwa, barabara bado tupu, nikakanyaga kidogo baada ya Usagara. Jamani. Zamani ukikanyaga kulikuwa na kitambo cha kungoja, kama mtu anayefikiri kwanza ndipo ajibu. Sasa gari linajibu kabla hujamaliza swali. Na ile sauti! Si kelele ya eksozi. Ni turbo unaisikia inavuta pumzi, kama mpiga mbizi anayejaza kifua kabla hajazama. Nilipita daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, jua linachomoza nyuma yangu, nikaegesha ng'ambo na kukaa ndani ya gari nikitabasamu peke yangu. Sisi tuliozoea kungoja kivuko pale tunajua daraja lile ni nini. Kulivuka na injini inayopumua vile, asubuhi ile, nisingebadilishana na mtu yeyote. Ningeandika siku hiyo ningewapa gereji ile sifa zote za dunia.

Siku chache baadaye nilimpeleka mama msibani Sengerema. Tukarudi usiku. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake tu, na aliyekulia pembeni ya ziwa anajua maana yake. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wametoka. Mchana unawaona mbali juu ya maji wamesimama angani kama moshi wa kijiji kinachoungua. Usiku wanafuata mwanga. Tulipoikaribia Busisi kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa, waipa zinapaka tu. Juu ya daraja gari likaanza kupoteza nguvu. Nikakanyaga, halikwenda. Taa ya injini ikawaka. Tuliposhuka upande wa Kigongo nikapunguza mwendo, na resi ikawa inapanda na kushuka yenyewe, inapanda, inashuka, kisha kimya.

Mama akauliza, "Mwanangu, limechoka?" Nikamwambia lipo sawa, mama. Halikuwa sawa.

Nilifungua boneti kwa tochi ya simu. Ndani ya boksi jipya kulikuwa na uji wa wadudu, mzito, wa rangi ya majani yaliyooza, umeganda kwenye chujio lote. Hewa ingepita wapi? Ndipo nikauona mdomo. Boksi lile linakuja na mdomo unaopinda kuelekea upande wa bawa la gari, pale juu ya tairi la mbele, ili lisilishwe uso kwa uso na upepo, vumbi na maji. Fundi aliukata. Kwa msumeno! Kingo bado zilikuwa na nyuzi za plastiki. Bila shaka ulimsumbua kuupitisha, akaona njia fupi ni kuufupisha na kuuelekeza moja kwa moja nyuma ya grili, sentimita chache kutoka kwenye taa kubwa. Yaani taa inawaita wadudu na injini inawameza. Mtu anayeishi Mwanza, anayewaona wadudu hawa kila mwezi, amefanya hivyo kwenye gari la mwenzake na akalipwa.

Mama alivua mtandio wake akanipa nifutie. Tulikaa pale muda mrefu, tunakung'uta chujio, wadudu wanatuingia puani. Tulifika nyumbani usiku wa manane kwa mwendo wa baiskeli.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja Igoma, fundi wa siku nyingi asiye hata na kibao. "Mwangaluka, baba." Akaitika, akaniambia niwashe, akasikiliza. Hakuchomeka mashine yoyote. Akapitisha mkono chini ya mpira unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye turbo, akasema, "Hapa panavuta." Klipu ilikuwa haijakazwa. Imewekwa tu, inacheza. Hewa ilikuwa inaingia baada ya sensa, haijahesabiwa na mtu, ndiyo maana resi ilikuwa inapanda na kushuka. Nimetembea na tundu lile Nyegezi, Usagara, daraja zima, natabasamu. Mzee akakaza kwa bisibisi, akakataa hela, nikamlazimisha achukue ya chai. Kisha akanishauri nirudishe boksi la zamani kwa muda, mpaka apate namna ya kunitengenezea mdomo mwingine.

Nikafungua buti. Tupu.

Niruhusuni nieleze boksi lile lilikuwa nini. Gari lile nilinunua kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa dereva maisha yake yote, mtu wa kuandika kila kitu, na kila alipobadilisha chujio la hewa aligeuza mfuniko wa boksi na kuandika upande wa ndani kwa kalamu nyeupe, ile ya kuandikia matairi. Tarehe, kilomita, na neno moja au mawili. "118,400. Vumbi la Ngudu." "Magu, matope." Mstari mmoja ulisema "Nzima kabisa, nimebadilisha tu," na sijui kwa nini huo ndio niliokuwa nikiupenda kuliko yote. Aliponikabidhi funguo alinionyesha mfuniko kabla ya kunionyesha injini. Akasema endelea hapo chini. Nikaendelea. Mjomba ametutoka, na mwandiko wake mwingine sina, isipokuwa sahihi kwenye karatasi za mauziano.

Kwa hiyo nilipofika Nyakato sikuwa nimekwenda kugombana. Nilisalimu. Nikauliza boksi langu. Fundi alikuwa anakula, akasema, "Boksi gani tena? Si nimekufungia jipya?" Nikasema la zamani, nililosema aweke kwenye buti. Akasema kuna kijana alikuja na Subaru kama yangu, lake limepasuka, akalichukua. Nikauliza, alilichukua au alilinunua? Kimya. Nikauliza ni nani, anaishi wapi. Hajui. Nikaeleza habari ya mfuniko, nikaeleza mpaka sauti ikanikatika, mtu mzima mimi, mbele ya wateja. Ndipo akaniambia lile la plastiki. Vijana wawili wakacheka. Akarudi kwenye sahani yake.

Kuhusu mdomo alioukata hakuniomba radhi. Kuhusu klipu alisema huenda nimeigusa mwenyewe. Hayo ningeyasamehe, kazi ni kazi, mkono unakosea. Lakini kitu cha mteja kilichotoka kwenye gari la mteja ni cha mteja, hata kikiwa msumari. Wanaouza mali za watu kwa jina la takataka wanajua wanachofanya, wala msinieleze kwamba ndiyo desturi ya gereji. Siyo. Yule mzee wa Igoma alinirudishia hata klipu ya zamani iliyokatika, kaifunga kwenye gazeti.

Sasa mtaniuliza, boksi linafaa au halifai? Wiki ile ningesema halifai, liacheni, gari liacheni lilivyotoka kiwandani. Nilikaribia kuling'oa. Lakini mzee alinitengenezea mdomo wa mpira unaopinda kwenda kwenye bawa, akaweka na wavu laini mbele, na tangu hapo nimepita usiku wa wadudu mara mbili bila shida. Nauvua wavu, naukung'uta, narudisha. Nguvu ipo palepale. Alfajiri bado nikipita Buhongwa nasikia ile pumzi na moyo unafunguka. Halafu nakumbuka imenigharimu nini, nainua mguu. Nunueni, sawa, linafaa. Ila mkilifunga simameni hapohapo, msiende kunywa chai, na la zamani litieni kwenye buti kwa mikono yenu. Leo ningeambiwa nichague kati ya pumzi hii na ule mfuniko, ningerudisha pumzi.

Ombi langu ni hili. Kama una Impreza ya turbo hapa Mwanza, au Geita, au Musoma, na boksi lako la ea klina ulilipata la mtumba siku za karibuni, fungua zile klipu, geuza mfuniko, angalia upande wa ndani. Ukikuta maandishi meupe, yameinama kidogo kushoto, na mstari wa 118,400, usiyafute. Niambie. Nitakununulia boksi zima jingine, nitalifunga mwenyewe kwenye gari lako, na mafuta ya kuja ni juu yangu. Mfuniko tu ndio ninaoutaka.