Kinga ya daraja kwa jointa: angalieni nguzo yake kabla ya kununua

Naanza na kilichonikasirisha, maana ndicho kitakachomkata mtu vidole. Kinga hii inauzwa ili ichukue nafasi ya ile ya kubembea inayokuja na jointa nyingi, yaani mashine za kuranda mbao kwa visu vilivyofungwa kwenye kichwa kinachozunguka. Bapa la alumini linalala juu ya kichwa cha visu, limeshikwa na nguzo ya duara, na nguzo nayo inabanwa na skrubu moja yenye kitasa cha plastiki. Skrubu moja tu, ncha yake laini, juu ya nguzo iliyong'arishwa ikawa kama kioo! Aliyewahi kuegemeza kiganja kwenye jointa inayonguruma anaujua mtetemo wake, na anajua kwamba kitu kilichobanwa hivyo hakifiki jioni. Hiki hakikufika. Katikati ya kuranda mbao nene, daraja liliteremka polepole bila mlio wowote mpaka likagusa visu. Ukelele mkali wa sekunde moja, kisha ncha ya daraja ikawa imeliwa pengo la upana wa kidole gumba.

Afadhali ilikuwa alumini. Ingekuwa chuma, visu vingevunjika na vipande vyake kuruka usoni. Hapo watengenezaji walifanya sawa: kitu chochote kinachokaa karibu na visu kiwe cha alumini au mbao.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Fundi, kwani we mgeni wa kazi hii? Itoe tu. Wenzako wanapiga kazi bila kinga na vidole wanavyo." Bado nina hasira ninapoandika. Mtu anauza kinga halafu anamshauri mteja afanye kazi bila kinga. Visu vya jointa haviachi jeraha la kushonwa kama la msumeno, vinasaga nyama na mfupa pamoja, na hospitali haibaki na kitu cha kurudisha.

Sasa wanaotaka kujua kama kinga ya daraja yenyewe ina maana: ina maana, tena sana. Ile ya kubembea inasukumwa na ubao unapopita, kisha springi inairudisha kwenye fensi, yaani ule ukuta unaoegemezwa ubao. Sheria ya Marekani ya usalama kazini, OSHA 1910.213, inataka kinga inayojirekebisha yenyewe na kugusa ubao muda wote, na hiyo ya kubembea ikiwa nzima inatimiza. Shida ni hapo kwenye "ikiwa nzima". Maranda na utomvu hujaa kwenye shina lake, pale inapozungukia, springi inachoka, na kinga inabaki nusu wazi baada ya ubao kupita. Ipimeni hivi: plagi ikiwa imechomolewa, ifungueni kwa kijiti sentimita kumi, muiachie. Lazima igonge fensi kwa mlio. Ikirudi kwa kujikokota, ing'oeni, safisheni shina, kisha ikazeni springi nusu mzunguko zaidi. Angalieni pia kama haijikwaruzi kwenye meza ya kutokea, ile inayopokea ubao baada ya visu. Shina lake mara nyingi liko kwenye meza ya kuingizia, ile ya kabla ya visu, kwa hiyo mkishusha meza hiyo ili kukata zaidi, kinga nayo inashuka na kuanza kukwama. Wengi hulaumu springi kumbe kosa ni hilo.

Lakini hata ikiwa nzima, mkiranda uso wa ubao mpana inafunguka yote, na kinachobaki kati ya kiganja na visu ni ubao peke yake. Daraja halifunguki. Ubao unapita chini yake, mikono inateleza juu yake kutoka meza ya kuingizia hadi ya kutokea. Ndiyo maana nilinunua hii, na ndiyo maana nina uchungu.

Kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza, ni mahali wanapotaka uifunge. Kishikio kimetobolewa kifuate matundu ya kinga ya zamani, yaani meza ya kuingizia. Meza hiyo ndiyo inayopanda na kushuka kila unapobadilisha kina! Ukitoka milimita 1 kwenda 3, daraja linashuka milimita 2 na nafasi uliyoipima imepotea. Kishikio kinatakiwa kiwe kwenye meza ya kutokea, ambayo ikishasawazishwa na visu haiguswi.

Kwa hiyo nilikihamisha. Papasa kwanza chini ya ukingo wa meza ujue mbavu zake zilipo, usije ukatoboa ubavu nusu. Matundu mawili ya bolti za M8, biti ya milimita 6.8, kisha ukate tredi. Meza ni ya chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, nacho kinatobolewa kikavu, bila mafuta. Unga wake uvute kwa mashine ya kuvutia vumbi, usiupulize, maana ukipulizwa utaingia kwenye beringi za kichwa cha visu. Bolti zikazwe kwa kadiri, na washa pana chini yake, kwa sababu chuma hiki hakipindi, hupasuka.

Kisha nguzo. Nilisaga ubapa mmoja kwa tupa urefu wote wa nguzo, ili skrubu ikae juu ya uso bapa na daraja lisizunguke. Juu ya kishikio nikavalisha pete ya chuma yenye bolti yake, inayobana nguzo pande zote. Pete hiyo imewekwa mahali ambapo daraja likiachiwa kabisa linasimama milimita 3 juu ya visu, haliwezi kushuka zaidi. Ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, na kingekuwemo ndani ya boksi lawama yangu ingekuwa nusu.

Baada ya hapo lisukume daraja chini kwa mkono kwenye ncha ya upande wa fensi, mashine ikiwa imechomolewa. La kwangu lilikuwa linanesa mpaka kugusa. Mkono wa kinga unaoshikilia daraja ukiongezwa urefu mara mbili, unanesa mara nane kwa uzito uleule, na watengenezaji wameurefusha ili utoshee mashine za kila upana bila kuongeza unene. Nilifunga kipande cha alumini cha umbo la L mgongoni mwa daraja, kwa skrubu zilizozamishwa vichwa ili zisikwaruze viganja. Sasa halinesi.

Kuna nyuma ya fensi pia. Fensi ikisogezwa mbele kwa ajili ya mbao nyembamba, nusu ya kichwa cha visu inabaki wazi huko nyuma, na mkono unaokwenda kulegeza kitasa cha fensi unapita juu yake. Boksi halina chochote cha kufunika hapo. Nimefunga plaiwudi ya milimita 12 kwenye fensi yenyewe ili isogee nayo.

Wakati wa kunyoosha ubavu wa ubao, msilisukume daraja pembeni kabisa, kosa ninaloliona kila karakana. Lishusheni karibu na meza, kisha livuteni mpaka ncha yake ikaribie ubao. Mwongozo wa Uingereza unasema pengo lisizidi milimita 10, na kwa kazi ya kuranda uso vilevile, kati ya daraja na ubao. Kipande kifupi kuliko milimita 300 hakiendi kwenye jointa hata kama kinga ni ya dhahabu.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nimekaa nikaifikiria, na ukweli ni kwamba bapa lenyewe ni zuri, pana kuliko kichwa cha visu, na baada ya marekebisho haya siwezi kurudi kwenye ile ya kubembea. Basi tatu. Hapana, mbili: mtu atakayeifunga kama karatasi ya maelekezo inavyosema atakuwa na kinga inayomshukia kwenye visu huku akiiamini, na huyo yuko hatarini kuliko asiye na kinga, maana asiye na kinga angalau anaogopa. Muuzaji nimemtumia picha ya ncha iliyoliwa na kipimo cha ile pete. Akianza kuitia kwenye boksi, nitakuja kubadilisha nyota. Akinijibu tena niitoe, inarudi kuwa moja.