Huduma za Kuwatumia Wateja Barua Pepe: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Ikataliwe

Kwa miaka kadhaa orodha ya wateja wa duka langu la kahawa hapa Moshi ilikuwa daftari la mistari lililokaa kando ya mizani, na kila mgeni aliyeshuka mlimani akanunua pakiti ya gramu 250 aliombwa aandike humo jina na anwani yake ya barua pepe. Siku nilipoketi kuzihamishia anwani hizo kwenye kompyuta, nilikuta ukurasa mmoja umelowa kahawa, mwingine una herufi ambayo hakuna aliyeweza kuamua kama ni n au u, na watu wanne walioandika gmail.con badala ya gmail.com. Zilibaki anwani 340 zinazosomeka. Nikazituma zote kwa mkupuo mmoja kutoka Gmail yangu ya kawaida, tena kwa kuziweka mahali ambapo kila mpokeaji huona anwani za wenzake, na kabla ya saa ya chakula cha mchana mteja mmoja wa Ujerumani alikuwa ameshawajibu wote akiuliza ni nani aliyewagawia watu 339 asiowajua anwani yake. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya aibu hiyo nilianza kutafuta huduma ya kulipia, na kwa kuwa wenzangu wenye nyumba za wageni na karakana za mikoba wamekuwa wakiniuliza nilichagua nini, ninaupanga hapa uchaguzi huo kuanzia ule ninaoupendekeza zaidi hadi ule ambao haupaswi kugharimiwa hata shilingi moja. Wengi huanza kwa kuuliza kwa nini wahangaike na barua pepe wakati WhatsApp ipo. Kwa wateja wa mjini WhatsApp inatosha, na mimi mwenyewe huitumia kwa wenye mikahawa wanaoagiza kila wiki. Hata hivyo orodha moja ya matangazo ya WhatsApp haizidi watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mpanda mlima aliyerudi kwao Uholanzi hajaihifadhi namba ya duka la kahawa la Moshi, ilhali anwani yake ya barua pepe ni ileile aliyokuwa nayo miaka kumi iliyopita.

Kabla ya kulinganisha bei, mnunuzi aelewe anachokilipia. Wauzaji wa huduma hizi hupenda kuonyesha violezo vya kupendeza, lakini mimi nimekuwa nikiuza kwa barua za maandishi matupu yenye picha moja ya gunia, na zimefanya kazi. Vitu viwili ndivyo vyenye thamani: barua ifike kwenye kikasha cha mteja badala ya folda ya barua taka, na orodha iendelee kuwa mali yako hata siku utakapoihama huduma hiyo. Cha kwanza kinategemea zaidi jina lako la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, kuliko huduma yenyewe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail analazimika kuthibitisha jina lake kwa rekodi za SPF, DKIM na DMARC (mistari ya maandishi inayoonyesha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo), kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na kuhakikisha kwamba malalamiko ya barua taka hayafikii watu 3 katika kila 1,000. Duka dogo halitumi barua 5,000 kwa siku, lakini huduma unayojiunga nayo inatuma mamilioni, na kwa sababu hiyo itakudai rekodi hizo hata wewe. Huwezi kuziweka kwenye anwani inayoishia na gmail.com, kwa kuwa jina hilo si lako.

Kwa hiyo fedha ya kwanza kabisa ilipie jina la kikoa, yaani jina lako mwenyewe la kuweka baada ya @. Hapa Tanzania majina ya .co.tz huuzwa na mawakala waliosajiliwa, malipo yakiwa kwa shilingi, na kwangu mimi ada ya mwaka haijawahi kufika bei ya kilo mbili za kahawa iliyokaangwa. Kenya msimamizi wa majina hayo ni KeNIC. Kuweka zile rekodi ni kunakili mistari mitatu au minne kutoka ukurasa wa huduma ya barua na kuibandika kwenye ukurasa wa kikoa, kazi ambayo ilinichukua jioni moja kwa sababu niliacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari mmoja na nikakesha nikitafuta kosa.

Sheria nayo iingie kwenye hesabu mapema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwenye wateja wa Ulaya anaguswa pia na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2018. Kwa mwenye duka, jambo la kushika ni kwamba mteja awe amekubali mwenyewe kupokea matangazo, na aweze kujitoa bila kumwomba mtu. Ndiyo maana kati ya huduma nilizozipanga hapa chini, zile nne za juu zote zina fomu ya kujiandikisha inayoweza kumtumia mteja barua ya uthibitisho kabla hajaingizwa kwenye orodha. Barua hiyo ya uthibitisho pia ndiyo dawa ya gmail.con, kwa sababu anwani iliyokosewa haithibitishwi na haiingii.

Ninayoiweka ya kwanza ni MailerLite, kampuni iliyoanzia Lithuania. Fomu zake ni rahisi kiasi kwamba kijana anayenisaidia dukani aliitengeneza ya kwetu kwenye simu, tukaichapa alama yake ya kuskani na kuibandika pale lilipokuwa daftari. Inakubali ubadilishe maneno ya kiungo cha kujiondoa, na chetu kinasema «Sitaki tena barua hizi», jambo dogo ambalo wateja wetu wa Dar es Salaam wameligundua na kulisifu. Ada yake kwa orodha ya watu mia chache hadi elfu moja kwa kawaida iko chini ya ile ya Mailchimp. Mnunuzi ajue mambo mawili. Akaunti mpya hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutuma, na wakaguzi hutaka kuona tovuti na maelezo ya biashara, hivyo asijiunge usiku wa kuamkia siku ya tangazo lake. La pili ni kwamba kiwango cha bure, ambacho zamani kilikuwa watu 1,000, kilipunguzwa mwaka 2025 hadi 500.

Ya pili ni Brevo ya Ufaransa, ile iliyojulikana kama Sendinblue hadi mwaka 2023, na kwa baadhi ya biashara hii ndiyo ingekuwa ya kwanza. Tofauti yake ni namna inavyotoza: wenzake huhesabu watu walio kwenye orodha, Brevo huhesabu barua unazotuma. Fikiria kampuni ya kuongoza watalii yenye anwani 4,000 zilizokusanywa kwa misimu mingi, ambayo huandika mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya msimu wa Januari na kabla ya ule wa Juni. Kuwalipia watu 4,000 kila mwezi ili uwaandikie mara mbili kwa mwaka ni sawa na kukodi lori la mwaka mzima kwa safari mbili. Kwa Brevo kampuni hiyo hununua barua inazozihitaji. Mpango wa bure huishia barua 300 kwa siku, maana yake orodha ya watu 900 inataka siku tatu, na tangazo la punguzo la wikendi huwafikia wengine wikendi ikiwa imekwisha. Kwa duka linaloandika kila wiki kwa watu wachache, hesabu hii hugeuka na MailerLite huwa nafuu.

Kit, iliyoitwa ConvertKit hadi 2024, ninaiweka ya tatu, na wengi watashangaa, kwa sababu mpango wake wa bure hufika watu 10,000. Ilibuniwa kwa ajili ya waandishi na walimu wanaouza kozi, na hapo haina mpinzani. Mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha wageni kupitia intaneti aanze nayo bila kusita. Kwa duka, upungufu hujitokeza pale unapotaka barua za kujiendesha, zinazojituma zenyewe moja baada ya nyingine: mpango wa bure hutoa mfuatano mmoja tu, nami ninahitaji angalau miwili, mmoja wa kumkaribisha mteja mpya na mwingine wa kumkumbusha baada ya wiki sita kwamba kahawa yake sasa imekwisha au imechakaa. Ada ya kupanda ngazi ni kubwa kuliko ya zile mbili zilizotangulia.

Ya nne ni Mailchimp, jina ambalo kila mtu hulitaja kwanza. Ilianzishwa Atlanta mwaka 2001 na ikanunuliwa na Intuit, kampuni ya programu za uhasibu, mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12, na hakuna ubishi kwamba ni huduma kamili yenye ripoti nzuri kuliko zote nilizozitumia. Sababu za kuiweka hapa ni za kifedha tupu. Kiwango chake cha bure kiliwahi kuwa watu 2,000, na kufikia 2023 kilikuwa kimeshuka hadi 500. Halafu kuna hili linalowapita wengi: aliyejiondoa kwenye orodha huendelea kuhesabiwa kwenye ada yako mpaka umhamishie kwenye kumbukumbu kwa mkono. Mwenye duka asiyelijua hili hulipia kila mwezi watu ambao hata haruhusiwi kuwaandikia. Kama mhasibu wako tayari anatumia programu nyingine za Intuit, sababu ya kuichagua ipo; vinginevyo sijaiona.

Kuhusu malipo, huduma hizi hutozwa kwa dola au yuro kupitia kadi. Asiye na kadi ya benki inayofanya kazi nje anaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, mradi akumbuke kuweka salio siku moja kabla ya tarehe ya kukatwa, kwa kuwa malipo yakikataliwa utumaji husimama hadi deni lilipwe. Mimi hulipa kwa mwezi hata pale punguzo la mwaka linaponivuta. Viwango vya bure vimepunguzwa mbele ya macho yangu zaidi ya mara moja, na aliyelipa kwa mwezi huhama mwezi ule ule. Kila tarehe 1 mimi hupakua orodha nzima kama faili la CSV, jedwali la maandishi matupu ambalo huduma nyingine inaweza kulisoma, na kuliweka kwenye diski ya nje. Jaribu kupakua hivyo siku ya kwanza ya majaribio, kabla hujatoa namba ya kadi, na huduma ambayo itakuficha kitufe hicho uiache.

Nafasi ya tano ni ya mwenye fundi wake. Programu ya listmonk ni ya bure, huwekwa kwenye seva unayoikodi, na hutuma kupitia Amazon SES, huduma ya Amazon ya kusafirisha barua pepe, kwa senti 10 za Marekani kwa kila barua 1,000, bei ambayo hakuna katika wote niliowataja anayeikaribia. Lakini Amazon huanza kwa kuifungia akaunti mpya katika hali ya majaribio, ambapo hutumi zaidi ya barua 200 kwa siku, tena kwa anwani ulizozithibitisha tu, na fundi akisafiri hakuna wa kumpigia simu. Kwa orodha ya chini ya watu 5,000 simshauri mtu.

Gmail ya kawaida, hata kwa kuficha anwani za wapokeaji kama ipasavyo, ninaiweka ya sita. Kikomo ni wapokeaji 500 kwa siku, kujiondoa ni kwa kukuandikia na kukusubiri, na siku moja kidole kitateleza kama changu kilivyoteleza.

Mwisho kabisa kuna orodha za kununua. Mwaka jana kijana mmoja alipita madukani na flashi aliyosema ina anwani 10,000 za wafanyabiashara wa Kaskazini, kwa bei ya pakiti nne za kahawa. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa amekubali kuandikiwa na mimi, na huduma zote nne za juu hupiga marufuku orodha za namna hiyo na hufunga akaunti ya anayezipakia. Nilimwomba anionyeshe faili kabla sijajibu. Tulitafuta jina langu, nikajikuta humo mara mbili, na mara ya pili anwani yangu ilikuwa inaishia na gmail.con.