Mhadhiri mgeni au kozi ya pamoja?

Vyuo vikuu vya Ulaya vilivyojiunga katika miungano kama Una Europa au ECIU vina njia mbili zinazotumika sana kupeana mbinu za kufundisha, zote zikifadhiliwa na Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya.

Ya kwanza, mhadhiri anafunga safari. Anakaa chuo mwenyeji siku 2 hadi 60, na kwa kawaida hufundisha angalau saa 8 kwa wiki. Kuipanga si kazi. Shida ni kwamba mgeni huweza kufundisha yale yale ya kwao, wenyeji wakampigia makofi, basi.

Ya pili ni kozi fupi ya mseto. Vyuo visivyopungua vitatu, kutoka nchi tatu, vinaandaa somo moja: sehemu mtandaoni, sehemu ana kwa ana kwa siku 5 hadi 30, na mwanafunzi hupata angalau krediti 3. Kalenda peke yake inaumiza kichwa: Finland wameshaanza masomo Septemba, Ujerumani mihadhara inasubiri Oktoba. Lakini mhadhiri wa Twente, chuo kikuu cha Uholanzi ambako wanafunzi hupewa tatizo halisi la mji au kampuni walitatue, akikaa na mwenzake aliyezoea kufundisha kwa mhadhara na mtihani wa mwisho, lazima wakubaliane nani anasahihisha nini, kwa vigezo gani. Hapo mbinu inahama kweli.

Kwa ufundishaji, naipa kura kozi ya pamoja. Kwa utafiti ningechagua safari. Utaratibu wa maabara haujifunzwi kwenye skrini.