Niliitisha gari la kunyonya choo mara mbili Mishomoroni, la 5,500 na la 9,000

Naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta eksosta, yaani hilo gari la kunyonya choo, kila mtu alinitajia bei tu, hakuna hata mmoja aliyeniambia muulize kwanza anaenda kumwaga wapi.

Huku kwetu Mishomoroni, Kisauni, Mombasa, hatuna laini ya maji taka, kila ploti ina shimo lake, na yetu ni nyumba nane shimo moja, mvua za Mei zikipiga lajaa mpaka chemba inafurika uani watoto wanapocheza. Nikapewa namba ya wa kwanza, bei 5,500. Wakaja haraka, vijana wana adabu, pampu ina nguvu, dakika ishirini tanki limejaa wakasema hii trip ya kwanza, twarudi kumalizia. Waliondoka saa nne na robo. Saa tano kasorobo wako getini tena, tanki tupu.

Sasa we mtu wa Mombasa piga hesabu mwenyewe. Lori lina lita 10,000 za uchafu, litoke Mishomoroni, livuke daraja la Nyali, lipite kisiwani, Makupa, lipande Changamwe katikati ya malori ya bandari mpaka mtambo wa Kipevu, limwage, halafu lirudi, yote nusu saa? Hata bodaboda haifiki na kurudi. Nikamuuliza dereva akaniambia "mama usijali, tuna mahali hapa karibu." Jioni nikateremka mikokoni na mzee mmoja jirani anayevua kamba bahari ya Tudor, tukakuta alama za tairi mbichi mpaka ukingoni, pamba na vipande vya nepi vimenasa kwenye ile mizizi ya mkoko inayochomoza matopeni kama vidole, na maji ndiyo yanatoka, yanabeba kila kitu kwenda nje. Mzee hakusema neno, akaukunja wavu wake akauweka begani akarudi nyumbani. Mimi nilishikwa na haya sana, manake ule uchafu ni wetu na nimeulipia. Wa kwanza nawapa nyota moja, na hiyo ni ya adabu ya wale vijana.

Wa pili niliwaita shimo lilipojaa tena. 9,000, na kabla hata sijauliza wakanieleza Kipevu ndiko wanakomwaga, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, imebandikwa kiooni, na trip ni moja tu asubuhi moja jioni kwa sababu ya foleni. Walichelewa masaa mawili, hilo lazima niseme, na bomba lao lilivuja kidogo hapo getini ingawa waliosha wenyewe kwa maji na Jik. Lakini jioni dereva kanirudishia kikaratasi cha Kipevu chenye saa ya kumwaga ndipo nikamlipa salio. Nyota nne.

Ile tofauti ya 3,500 ndiyo inaniuma, kwa sababu sio uroho wa madereva peke yake, ni safari. Mitambo ya maji taka tunayoijua ni Kizingo kule kisiwani na Kipevu upande wa Changamwe, sisi wa Kisauni uchafu wetu lazima uvuke mji mzima ndio usafishwe, kwa hivyo anayefanya haki anachoma dizeli na anapoteza wateja, anayemwaga mikokoni anapata trip tano kwa siku. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya maji na usafi, Ibara ya 42 inasema mazingira safi ni haki yangu, sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kumwaga uchafu majini, lakini NEMA ni ya serikali ya kitaifa na maji taka ni ya kaunti, ukipiga ripoti huku waambiwa nenda kule. Na mwanasiasa atakuwekea mulika mwizi, zile taa kubwa za barabarani, na lami maana vyaonekana, shimo la kupokelea eksosta nani atalipigia picha? Wakija kuomba kura 2027 mimi nitawauliza hilo tu: kituo cha kupokea magari ya choo upande huu wa daraja, lini na wapi. Tangu causeway ya Makupa, ile barabara ya tuta iliyoziba maji, itolewe pakawekwa daraja mwaka 2022 maji yanapita tena kati ya Tudor na Port Reitz, yaani tunachomwaga huku wenzetu wa kule wanakipata.

Kwa hivyo ukiita gari lolote, usilipe zote mwanzo, taka kikaratasi chenye saa, na angalia wanaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Anayetaka namba ya hawa wa pili aniandikie, ila wapigie siku mbili kabla, mvua ikishaanza huwapati.